Prosesa Zangu na Ndoo ya Fundi

Najua nimepotea, si mnajua tena mambo ya UE, halafu likizo fupi, halafu kurudi huku Dodoma na kukuta hosteli haina maji. Leo angalau nimetulia, nina chai yangu ya rangi na andazi la jana, acha niwasimulie habari ya ndoo.

Wale mliowahi kuingia chumbani kwetu mnalijua lile sanduku la bati chini ya kitanda changu. Ndani mna prosesa za kompyuta za zamani, vile vigae vya mraba vinavyokaa chini ya feni. Rumeti wangu anaziita "chipsi kavu" kwa sababu nazifunga kwenye foili ile ile ya chipsi mayai. Acha acheke, foili inasaidia, umeme wa mwilini hauzidhuru. Kabla ya likizo zilikuwa 73. Likizo nikanunua 17. Leo ninavyoandika ziko 38. Najua hesabu haiendi, na hiyo ndiyo stori yenyewe.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ni mtu wa Endamarariek, wilaya ya Karatu. Nikisema Karatu hapa chuoni watu wananiuliza habari za simba na Kreta ya Ngorongoro. Jamani, sisi tunalima! Mahindi, maharage, mbaazi. Watalii tunawaona wakipita kwenye lami, sisi tuko huku pembeni na udongo wetu mwekundu. Huo udongo ndio uliokuwa umejaa kwenye kompyuta ya kwanza niliyoifungua maishani. Nilikuwa kidato cha pili, mwaka 2017. Shule ilikuwa na kompyuta kadhaa za msaada, zimekaa stoo miaka, nyingine haziwaki. Mwalimu wa fizikia akatuambia wale wa benchi la mbele tufungue moja tuone kuna nini. Tukatoa feni, tukatoa lile bati la kupoza joto, tukafuta ile dawa nyeupe kwa shati (shati langu, doa lipo mpaka leo), na pale chini ikatokea kitu inang'aa imeandikwa Intel, Pentium 4, halafu kwa chini COSTA RICA.

Costa Rica! Mimi Costa Rica nilikuwa naijua kwa mpira tu, ile ya Kombe la Dunia 2014 iliyofika robo fainali. Nikamuuliza mwalimu, imekuwaje kitu cha Costa Rica kiwe Endamarariek? Akasema labda imekosewa. Haikukosewa. Intel walikuwa na kiwanda kule cha kuzifunga na kuzipima prosesa tangu mwishoni mwa miaka ya 90 mpaka walipokifunga 2014. Nyingine utakuta zimeandikwa MALAY, hizo zimetoka Malaysia, nyingine Philippines. Na ile namba ndefu ya chini inasomeka: alama ya kwanza ni kiwanda, ya pili mwaka, mbili zinazofuata ni wiki. Ikianza na L231 ujue imefungwa Malaysia, wiki ya 31 ya mwaka 2002. Siku niliyojua kusoma namba hiyo ndiyo siku niliyoharibika kabisa. Kila mashine mbovu nikaiona kama ina barua ndani.

Nilipofika chuo ugonjwa ukazidi. Hapa CIVE kila mtu ana mjomba mwenye kompyuta mbovu. Mkaniletea, Mungu awabariki. Mmoja kaniletea Duron ya AMD kutoka Tabora, mwingine K6-2 ya shangazi yake wa Moshi. Nikienda Dar lazima nipite Kariakoo kuchokonoa mafurushi ya mafundi. Mpaka Novemba mwaka jana sanduku likawa linafungwa kwa kamba. Na hapo ndipo nikaanza kuona aibu fulani hivi. Mtu akiniuliza "unakusanya nini?" namjibu "prosesa". "Prosesa zipi?" Kimya. Zozote! Mtu anayekusanya zozote hana tofauti sana na jalala, wadau, tuseme ukweli. Nilikuwa na Celeron saba zinazofanana kama mapacha na sikuweza kumwambia mtu kwa nini nina saba.

Sasa tarehe za mwanzo za mwezi wa pili, niko natoka kwenye mtihani wa mwisho, simu ikaita. Fundi wangu wa Karatu. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kunyoosha pini zilizopinda kwa kutumia kalamu ya risasi ya kubonyeza, unatoa risasi, ile ncha tupu inaingia kwenye pini moja moja na unainyanyua taratibu. Ana banda lake la kutengeneza kompyuta na redio karibu na stendi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Nafunga banda. Macho yamekataa, naenda Mang'ola kwenye vitunguu vya kijana wangu. Nina ndoo ya vile vitu vyako hapa."

Akanieleza. Ndoo ya rangi ya lita 20, imejaa nusu, prosesa alizotoa kwenye mashine zilizokufa toka aanze kazi. Kuna mnunuzi wa skrepa wa Arusha anakuja Jumamosi na mizani yake. Lakini fundi akasema mimi nitangulie. Ndoo nzima elfu tisini. Nikitaka kuchagua, elfu tatu kila moja. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja kitu kidogo: "Na kuna ile kubwa ya dhahabu. Hiyo jamaa wa skrepa ameshaipigia elfu ishirini na tano peke yake."

Ile kubwa ya dhahabu! Moyo ukafanya paa. Nilijua ni nini kabla hajamaliza. Pentium Pro. Ilitoka Novemba 1995, imekaa kama tofali, pana kweli kweli, na chini ya kauri yake kuna vipande viwili pembeni kwa pembeni, prosesa yenyewe na kumbukumbu yake ya haraka. Soketi yake ni ya namba 8 na pini 387. Watu wa kuyeyusha dhahabu wanaipenda kuliko zote ndio maana zinazidi kuadimika, zinaishia kwenye asidi. Nimeitafuta toka mwaka wa kwanza.

Hesabu yangu sasa. Baada ya kutenga nauli ya kwenda na kurudi, bumu lililobaki mkononi lilikuwa laki na elfu kumi. Hapo hapo nilishamwahidi mama elfu hamsini ya vibarua wa palizi, maana mwaka huu kalima peke yake, baba yuko kwenye mguu uliovunjika. Kwa hiyo nina elfu sitini. Ndoo nzima siiwezi bila kula hela ya palizi. Na jamani sitawadanganya, usiku ule nilifikiria kuila. Nilishaanza hata kutunga uongo, kwamba bodi wamechelewesha, mama atanielewa… Usingizi haukuja.

Kesho yake nikaenda kwa mama ntilie pale Ng'ong'ona na jamaa yangu mmoja wa mwaka wa nne, mnamjua, yule mrefu wa maabara, mwenyewe ni mgonjwa wa vitu hivi hivi. Nikamweleza. Akaweka kijiko chini akasema tatizo langu si hela, tatizo langu sina mpaka. "Chagua soketi moja uimalize. Chukua Soketi 7."

Lazima nikiri hoja yake ni tamu. Soketi 7 ndiyo ya mwisho ambayo maadui wote walikaa kwenye kiti kimoja. Intel na Pentium zao, AMD na K5 na K6, Cyrix na 6x86, IDT na WinChip, zote zinaingia kwenye tundu lile lile, unabadilisha tu vibanio vya umeme kwenye mazabodi. Baada ya hapo Intel wakatoa Pentium II mwaka 1997 ndani ya lile ganda jeusi kama kaseti ya gemu, la Sloti 1, kila mtu akaenda njia yake. Kwa hiyo ni ukoo wenye mwanzo na mwisho. Unaweza kuandika orodha, ukaweka tiki, na siku moja ukasema nimemaliza. Mimi nilikuwa nazo tisa tayari. Nikamuuliza: wewe umeshawahi kuona mashine ya Soketi 7 inawaka, mtu anaitumia? Akasema hapana, ameona kwenye video tu. Mimi pia.

Akasema basi nenda kwa umri, kusanya zile za mwanzo kabisa. Hapo nikacheka. Za mwanzo kabisa! Intel 4004 ilitoka Novemba 1971, transista 2,300 tu, na zile za kauri nyeupe zenye dhahabu bei yake huko Marekani inamaliza bumu la darasa zima. Lakini siyo bei tu. Tazama kalenda yetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ICT 1500 ya Waingereza, hiyo ni enzi ya mashine za kujaa chumba, kabla prosesa ya kigae haijazaliwa. Halafu 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. 1974 huo huo Intel wakatoa 8080! Inafuata 6502 mwaka 1975, Z80 mwaka 1976, 8086 mwaka 1978, na Agosti 1981 IBM wanatoa PC yao yenye 8088. Miaka yote hiyo ambayo watoto wa huko nje walikuwa wanaunganisha kompyuta sebuleni, kwetu mlango ulikuwa umebanwa. Marufuku ilikuja kulegezwa, na miaka ya 90 ndiyo zikaanza kuonekana maofisini mijini, vijijini ndiyo kabisa. Sibishi kama ilikuwa sawa au siyo, wazee waliona hela ya kigeni inakwenda kwenye mashine zisizowapa majibu. Ninachosema ni kwamba mimi nikikusanya 4004 mpaka 8088 nitakuwa nakusanya vitu vilivyopita mbali na sisi. Nitakuwa nanunua kwa dola kumbukumbu ya mtu wa California.

"Sasa kumbukumbu yako wewe ni ipi?" jamaa akaniuliza, mdomo umejaa wali.

Nikakumbuka ile COSTA RICA na vumbi jekundu. Nikamjibu haraka tu bila kufikiri, kwamba mimi nataka prosesa zilizofanya kazi kwetu. Karatu. Akaacha kutafuna. Akasema, "Sawa. Utajuaje?"

Hilo swali lilinitesa toka Dodoma mpaka Makuyuni. Mnaoijua njia, tunapita Kondoa, Babati, Minjingu, halafu Makuyuni unashuka unatafuta gari la Karatu, Mto wa Mbu, unapanda ule mlima wa bonde la ufa. Masaa mengi ya kufikiri. Prosesa ikishatoka kwenye mashine haisemi. Haina hadidiski, ukizima umeme haikumbuki hata sekunde iliyopita. Pentium 4 iliyoandika mitihani ya shule na Pentium 4 iliyocheza karata ofisini zikiwa mezani hazina tofauti hata ya mkwaruzo. Kwa hiyo sheria yangu nzuri niliyoitoa kwa mama ntilie ilikuwa hewa. Nikafika Karatu nimeshakubali moyoni kwamba nitachukua Pentium Pro na vichache vya kuvutia, basi.

Nikamkuta fundi amekaa kwenye kiti cha plastiki, ndoo iko katikati ya miguu. Banda limeshakuwa nusu tupu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mguu wa baba na mvua, ndipo akaimwaga ile ndoo juu ya gunia.

Wadau, kati ya zile prosesa kuna zilizokuwa na utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, umebandikwa juu, na maandishi ya kalamu ya bluu. Nikaokota moja. "Duka la pembejeo, 3/2014." Nyingine: "Zahanati, radi." Nyingine: "Mwl. mkuu, mashine ya mitihani." Nyingine imeandikwa tu: "Hana hela, kaiacha." Nikamuuliza fundi hii nini? Akasema mbona ni kawaida, alikuwa akitoa prosesa kwenye mashine ya mteja anaandika ya nani, asije akamrudishia mtu isiyo yake. Mashine ikifa kabisa, prosesa inabaki na utepe wake inaingia ndooni. Zile zisizo na utepe alinunua Arusha kwa jumla kama spea.

Alikuwa anafanya hivyo miaka yote na hakuna mtu aliyemwambia afanye.

Nikazitenga. Zenye utepe zilikuwa 17. Na niwaambie, kwa macho ya mkusanyaji wa kawaida ni takataka. Celeron, Celeron, Pentium 4, Celeron. Za kijani, za plastiki, zile ambazo hata mtu wa skrepa anazipima bei ya chini kwa sababu dhahabu yake ni ya kulamba. Zisizo na utepe ndizo zilizokuwa nzuri: 486 za kauri, Cyrix moja yenye maandishi ya dhahabu, Pentium za mwanzo za kijivu (nikajiuliza kama iko ile yenye kosa la kugawanya, iliyowatia Intel hasara ya dola milioni 475 mwaka 1994). Na juu ya zote, Pentium Pro, imelala pale kama mkate.

Kwa elfu sitini, Pentium Pro na 11 za utepe. Au zote 17 za utepe na Pentium Pro iende kwa asidi. Nilikaa kwenye lile gunia nusu saa nzima. Nikazipanga, nikatoa sita, nikarudisha, nikatoa sita nyingine. Zipi sita? Nimwache mwalimu mkuu? Niiache ile ya "hana hela"? Fundi hakusema kitu, anasikiliza redio. Mwisho nikamuuliza kuhusu Pentium Pro, labda angalau iliwahi kuwaka hapa. Akasema, "Hiyo? Sijawahi kuona hata mazabodi yake. Ilikuja kwenye boksi na nyingine, nikaiweka kwa sababu nzuri."

Nikalipa elfu hamsini na moja.

Sitaki mnione shujaa. Jumamosi yule mtu wa skrepa alifika kweli, na mimi nikawepo kwa sababu nilitaka kuiona kwa mara ya mwisho, ujinga gani huu. Akaiweka kwenye mfuko wa shati, hakuipima hata na nyingine. Iliniuma. Inaniuma hadi leo, na kuna siku nafikiri nilikosea, kwamba ile ilikuwa inakufa na zile Celeron zingeweza kusubiri. Lakini nazo zingepimwa siku ile ile, kwa kilo, na utepe wake.

Ile ambayo imenikamata zaidi sikuiona pale bandani. Niliiona nyumbani Endamarariek, usiku, nazikagua kwa tochi ya simu, mama ananitazama (alishaniuliza kama vinaliwa). Celeron moja ya Soketi 775, zile zisizo na pini, pini zimehamia kwenye mazabodi. Utepe unasema: "Steshenari ya stendi, 11/2021." Nikasimama. Januari 2020, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, baba mdogo alinipakia bodaboda mpaka Karatu mjini, na tulipanga foleni kwenye steshenari ya stendi. Mashine ilikuwa nzito kweli kweli, ukurasa unafunguka mstari kwa mstari, mama wa steshenari anapiga piga ile monita. Nilikuwa nimeshika kiti cha mtu aliye mbele yangu. Halafu namba yangu ikatokea. Wengi wetu wa Endamarariek wa mwaka ule tuliyaona matokeo pale, wa kulia na wa kucheka.

Asubuhi nikampigia fundi. Nikamuuliza, steshenari ya stendi walikuwa na mashine ngapi? Mbili, akasema. Na uliwahi kuwabadilishia prosesa kabla ya hiyo 2021? Akafikiri. "Hapana, niliwabadilishia pawa tu, na kapasita zilivimba." Kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Huenda ndiyo iliyonisomea matokeo, huenda ni dada yake wa meza ya pili. Nimeandika hivyo hivyo kwenye kadi yake: huenda.

Basi nikarudi Dodoma na sheria, na sheria ikaanza kazi yake ya kukata. Zile 73 nilizitandika zote kitandani, nikajiuliza kila moja, wewe najua ulifanya kazi wapi? Zilizotoka Karatu na ambazo naweza kutaja mashine au mtu, 21. Pamoja na zile 17 ndiyo 38. Soketi 7 zangu zote tisa nikampa yule jamaa mrefu, alikaribia kulia, sasa amebakiza chache amalize ukoo wake. Zilizobaki 42 nimewapelekea vijana wa mwaka wa kwanza wajifunze kuchomeka na kuchomoa, maana kuna watu humu wanafika mwaka wa tatu hawajawahi kushika prosesa, wanazijua kwa slaidi. Ile Duron ya Tabora niliisita sana. Mwenyewe aliyenipa nikamrudishia, nikamwambia anza ya Tabora.

Swali likabaki, kwa nini Karatu na siyo Endamarariek peke yake? Nilijaribu. Endamarariek peke yake ziko sita. Sita! Zinaenea kwenye kiganja. Kuna usiku nilivutiwa sana na hizo sita, nikaona ndiyo usafi wenyewe. Lakini kompyuta zetu ndivyo zilivyokuwa, ukitaka kuandika barua ya kazi unapanda gari kwenda mjini. Nikikata kwenye mpaka wa kata naikata steshenari ya stendi, na sisi tuliokuwa kwenye foleni tulikuwa wa kata nzima. Na mkoa mzima wa Arusha nao? Hapana, huko nitarudi kwenye zozote.

Rumeti wangu naye, yule yule wa chipsi kavu, juzi kanipiga ngumi ya kichwa bila kutarajia. Yuko anachezea simu, akasema: "Lakini prosesa zilizofanya kazi kwenu nyingi si ziko kwenye simu?" Kha! Na ni kweli. Hesabu Tecno na itel zilizopita Endamarariek, kila moja ina MediaTek au ndugu yake ndani, wengine hawajawahi kugusa kompyuta ila M-Pesa wanatuma toka zamani. Kwa sheria yangu mwenyewe simu ya mama ina haki kuliko Pentium 4 ya mwalimu mkuu. Nilimjibu kwamba za simu zimechomelewa, ukizitoa unaziharibu, na siwezi kukusanya simu nzima, sanduku litapasuka. Akasema hilo ni jibu la sanduku, siyo la sheria. Nimemnyima sukari siku mbili. Bado sina jibu zuri, mwenye nalo aniambie.

Jambo la mwisho, nisaidieni. Utepe umeanza kubanduka kwa joto la huku. Wakusanyaji wa nje wangeusafisha kwa spiriti ili maandishi ya Intel yaonekane, mimi sithubutu, mwandiko wa fundi ndio nilionunua. Nimezifunika na karatasi laini ya kufungia maua kabla ya foili, lakini gundi inatoka jasho. Kama kuna mtu wa maktaba au wa makumbusho anajua dawa ya kushika utepe wa karatasi bila kuharibu wino, aje chumbani, chai ipo.

Na wale wa Karatu, Rhotia, Mang'ola, Endabash, kama kuna mashine imekufa nyumbani na mzee anataka kuiuza kwa kilo, chukueni kwanza kipande cha karatasi muandike ilikuwa ya nani na ilifanya nini. Halafu mnipigie. Elfu tatu ipo, bumu likitoka.

Mama alilipa vibarua, palizi imeisha. Mimi nakimbilia foleni ya ndoo, nasikia maji yamerudi.